Mwenye Mzigo

Kompyuta ya Damari ilianza kukosa adabu mwezi wa tatu. Kabla ya hapo ilikuwa kompyuta ya heshima zake. Ukiiwasha inakoroma kidogo, inafungua orodha ya warina asali, unafanya kazi yako, unaizima, unakwenda nyumbani. Miaka tisa walikuwa wameishi hivyo, yeye na kompyuta yake, ndani ya ghala la asali lililo jirani na stesheni ya Itigi, na hawakuwahi kukoseana. Sasa ikawa ukiiwasha tu linatokea boksi jekundu katikati ya kioo: "Habari, Damari! Toleo lako linafikia mwisho. Hamia Kilele. Zimebaki siku 41."

"Habari Damari," alisema siku ile ya kwanza, akimgeukia Yunisi, msaidizi wake wa kupokea ndoo. "Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, mwanangu Isaka ana watoto wawili, chombo kinaniambia habari Damari. Shikamoo imekwenda wapi?"

"Labda ni rika lako, mama. Husikii inavyokohoa?"

Wakacheka. Siku arobaini na moja zilionekana nyingi, na asali ya msimu ilikuwa bado iko kwenye maua.

Kabla ya kwenda mbali inafaa ijulikane asali ya Itigi inavyofika sokoni, maana waliotengeneza Kilele hawakuuliza. Kule vichakani mzinga hauna jina, una alama. Kila ukoo una ya kwake, imechomwa kwa chuma cha moto kwenye gogo, na baba humwachia mwanawe mizinga pamoja na alama. Kuchoma alama isiyo yako ni wizi ambao watu watakusimulia hata ukishazikwa. Ndoo nazo huchomwa alama hiyohiyo ubavuni kwa msumari wa moto, kwa sababu si kila mrina asali ana chombo cha kumfikisha mjini. Mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, hubeba ndoo zake na za majirani. Kwa hiyo mleta ndoo si lazima awe mwenye ndoo, na mtu yeyote wa Itigi atakushangaa ukimwambia vingine.

Programu ya zamani ilitengenezwa na fundi mmoja wa Manyoni, Philipo, ambaye kabla ya kuandika chochote alikaa siku mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama mizigo inavyopokelewa. Alipomaliza aliweka mahali pa kuchora alama, na pembeni mahali pa kuandika kipimo cha maji cha kila ndoo, maana asali yenye maji mengi huchacha. Ndiyo maana mnunuzi wa Dar es Salaam akiuliza ndoo fulani imetoka kwa nani, Damari alikuwa anajibu kabla chai haijapoa. Kisha Philipo akaiuza programu kwa kampuni ya Dodoma, akahamia Mwanza, na kampuni ikamtuma Frank.

Frank alikuwa kijana msafi, mwenye viatu ambavyo vumbi la Itigi lilivimaliza kabla hajavuka reli. Alisalimia vizuri, hilo hakuna wa kumnyima.

"Mama, toleo lako hili limefikia mwisho wa maisha yake," alisema, akifungua kompyuta yake ya mapajani.

"Limeugua nini?"

"Hapana mama, ni lugha ya kitaalamu. Maana yake halitahudumiwa tena."

"Sijawahi kuomba lihudumiwe. Linafanya kazi."

"Linafanya kazi kwa sasa, mama."

Damari hakuipenda hiyo "kwa sasa". Ilitamkwa kwa upole mno, kama anavyotamka daktari anayejua kitu usichokijua.

Frank akaeleza. Programu mpya ni nzuri, ina kila kitu, lakini inakaa kwenye seva ya Kilele peke yake. Seva ni boksi jeusi linalowekwa hapahapa ghalani, linatakiwa kuwaka usiku na mchana, na linatakiwa kuwa na mtandao muda wote. Bei yake tusiitaje, tutaharibu siku.

"Umeme wa Itigi unaujua?" Damari aliuliza.

"Kuna betri yake, mama."

"Na nikitaka programu hiyo mpya ikae kwenye kompyuta yangu hiihii?"

"Haiwezekani."

"Kwenye seva ya kampuni nyingine, ya bei ndogo?"

"Kilele peke yake, mama. Kwa usalama wako."

"Na Kilele inauzwa na nani?"

Frank akatabasamu, akatazama viatu vyake. "Na sisi."

Damari akamfungia chupa ya asali, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia asante hataki. Mara ya pili alipokuja akapata chupa nyingine na jibu lilelile. Mara ya tatu hakuja. Badala yake simu ililia, na aliyekuwa upande wa pili ni Felista, mnunuzi mkuu wa Dar es Salaam, anayechukua karibu asali yote ya ghala lile.

"Dada Damari, kuanzia mwezi wa saba tutapokea mizigo inayoingia kwa Kilele tu," Felista alisema. "Walikuja kutuonyesha. Ni nzuri, tunaona kila ndoo ilikotoka."

"Miaka tisa nakwambia kila ndoo ilikotoka. Nimewahi kukudanganya?"

"Hata siku moja. Lakini siyo mimi, dada, ni uongozi."

Damari alikata simu, akakaa. Alikuwa amezungukwa. Alipomfungia Frank mlango wa mbele, Frank alikwenda kupiga hodi nyumba ya pili, na sasa mlango wa mbele ungefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe kwa mkono wake. Angeweza kukataa. Lakini nyuma yake kulikuwa na warina asali arobaini na watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mnunuzi mwingine. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na hakuwa na wa kumpigia kelele isipokuwa Yunisi, ambaye hakuwa na kosa.

Mwezi wa sita boksi jeusi likaletwa. Likawekwa juu ya meza, likaanza kuvuma. Frank na fundi wake walihamisha orodha kutoka kompyuta ya zamani, na kazi ilipokwisha Damari akavaa miwani, akatafuta jina la kwanza analolitafuta siku zote, la mzee Hezekia.

Mzee Hezekia ndiye aliyemletea ndoo ya kwanza kabisa, siku ghala lilipokuwa chumba kimoja kisicho na dari. Anaishi vichakani upande wa Mitundu. Alama yake ni mistari miwili iliyosimama na mmoja uliolala juu yake, mfano wa kigoda, na ni alama ya babu yake. Kwa miaka yote tisa hakuna ndoo yenye kigoda iliyowahi kurudishwa. Jina lake lilikuwepo. Namba yake ya simu ilikuwepo. Kigoda hakikuwepo.

"Alama hazijahama," Damari alisema.

"Kilele haina sehemu ya alama, mama," Frank alijibu. "Jina na namba ya simu vinatosha. Ndiyo utambulisho wa kisasa."

"Huyu mzee analeta ndoo za watu watatu, wanne. Wenziwe hawana simu, na wenye simu hawana mtandao."

"Basi mzigo unaandikwa Hezekia."

"Lakini si wa Hezekia!"

"Kwenye mfumo, mama, mwenye simu ndiye mwenye mzigo. Na kipimo cha maji ni kimoja kwa kila mzigo, kurahisisha kazi."

"Kurahisisha kazi ya nani?"

Frank alitoa karatasi ya maelekezo. Akaibandika ukutani, akaizima kompyuta ya zamani, na fundi wake akaifunika kwa gunia.

Msimu ukafika. Mzee Hezekia akaja na guta lake, ndoo kumi na mbili: saba za kwake, tatu za jirani yake Kristina, na mbili za Edward, kijana aliyerithi mizinga ya baba yake juzijuzi. Siku hiyo mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kila mzigo ulichukua nusu saa kuingia. Nje kulikuwa na guta nane, jua kali, na watu waliotoka majumbani kabla jogoo hajawika. Damari akachovya kipimo kwenye ndoo ya juu, yenye kigoda. Asali nzito, maji kidogo, vilevile kama siku zote. Akaandika. Mashine ikakubali.

"Na hizi nyingine tusipime?" Yunisi aliuliza, kifuniko cha ndoo ya pili kikiwa mkononi.

Damari akatazama kioo. Mahali pa kuandika kipimo cha pili hapakuwepo. Akatazama foleni.

"Acha," alisema.

Neno hilo moja ndilo lililomfuata wiki tatu baadaye, Felista alipopiga simu. Ndoo mbili kwenye mzigo wa Hezekia zilikuwa zimechacha. Zilivimba mpaka vifuniko vikaruka, na ghala zima kule Dar likanuka pombe. Kilele ilifanya yaliyobaki yenyewe, bila kumuuliza mtu. Ndoo zote kumi na mbili zilikuwa njiani kurudi, na mzee Hezekia amezuiwa msimu huu na ujao.

"Hezekia?" Damari alisema. "Felista, huyo mzee unamjua. Ulikula ugali nyumbani kwake."

"Namjua, dada. Nimewaambia. Wanasema mfumo ndio umemzuia, na wao hawana pa kumfungulia."

Ndoo ziliporudi Damari hakuhitaji hata kuinama. Mbili zilizochacha zilikuwa na duara lenye nukta katikati ubavuni. Jicho. Alama ya marehemu baba yake Edward. Ndoo saba za kigoda zilikuwa nzima, asali yake ikitiririka kwa uvivu unaotakiwa. Akampigia Frank.

"Nakuelewa kabisa, mama," Frank alisema. "Fungua tiketi."

"Tiketi ya wapi? Ya treni?"

"Ni maombi ya msaada, mama. Yanajibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi. Lakini nikwambie ukweli, kumbukumbu inasema mzigo ni wa Hezekia. Ushahidi kwamba si wake uko wapi?"

"Uko ubavuni mwa ndoo!"

"Kwenye mfumo, mama."

Damari aliweka simu mezani kwa nguvu, akaliendea gunia, akalivuta. Ushahidi ulikuwepo. Miaka tisa ya kigoda ilikuwa ndani ya kompyuta ile, ndoo kwa ndoo, na miaka tisa ya jicho pia. Akaiwasha. Ikakoroma kama zamani, na kwa nukta chache moyo wake ukatulia. Kisha likatokea boksi jekundu. "Leseni hii imehamishiwa Kilele. Asante, Damari!"

"Yunisi," alisema taratibu, "nitoe humu ndani kabla sijaivunja."

Alikwenda akasimama kwenye tuta la reli, akalia kidogo. Hakulia kwa sababu ya mashine. Alilia kwa sababu ya lile "acha". Kilele walimwondolea mahali pa kuandika, lakini kipimo walimwachia mkononi, na hakukitumia.

Mzee Hezekia alikuja Alhamisi iliyofuata, na guta limejaa. Alikuwa bado hajajua kwamba amezuiwa, ila la ndoo zilizochacha lilikuwa limeshamfikia.

"Mbukwenyi humu ndani," aliita kutoka mlangoni, kwa salamu ya Kigogo.

"Shikamoo baba," Damari na Yunisi walijibu pamoja.

"Marahaba. Mama Isaka, kabla sijashusha, nina ujumbe. Edward amekuja kwangu mwenyewe amekiri. Aliona moshi wa moto wa pori, akaogopa, akarina masega hayajafunikwa, asali bado ina maji. Ni utoto. Nimemgombeza, na hizo ndoo mbili nitamrudishia zake."

"Baba, karibu ukae kwanza."

"Ukiniambia nikae kwanza, jambo si dogo."

Damari akamwambia. Alimwambia yote, na lile neno lake pia. Mzee akaomba aonyeshwe. Damari akageuza kioo. Mzee Hezekia alisoma polepole, kidole kikifuata herufi: HEZEKIA. AMEZUIWA. SABABU: ASALI ISIYOFAA.

"Wamefuta alama," alisema, "wakaacha jina."

"Ndiyo, baba."

"Edward yeye hayumo?"

"Hayumo. Kwao Edward hajawahi kuwepo."

Yunisi alikuwa amempigia Frank bila kuagizwa, akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu. Safari hii Frank alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu aliyetoka nje ya ofisi yake. Alimwamkia mzee, akampa pole.

"Mama, tiketi itachelewa," alisema. "Fanyeni hivi. Tafuteni laini nyingine ya simu, msajilini upya kwa jina jingine. Watu wengi wanafanya hivyo. Itapita."

Mzee Hezekia aliinama karibu na simu. "Mwanangu, nijiite nani?"

"Lolote tu, mzee."

"Nina miaka sabini na moja. Sijawahi kupeleka asali yangu kwa jina la mtu, na hujasikia mtu akisema nimeiba mzinga. Sasa ili niaminike, nidanganye jina?"

Frank akasema, "Samahani mzee," na ilisikika kama ya kweli, lakini haikufungua kitu. Simu ikakatika.

Mzee akainuka, akatoka, akaanza kukaza kamba za guta. Damari alibaki mbele ya kioo. Alifungua ukurasa wa kusajili mtu mpya, na kwa ukaidi tu, mahali pa jina akabonyeza mstari uliosimama, mstari mwingine uliosimama, na mmoja wa kulala. Kigoda kibovu, lakini kigoda. "Jina si sahihi," mashine ikasema. Akakiandika tena. "Jina si sahihi." Akakiandika mara ya tatu, akibonyeza kana kwamba kosa lilikuwa la kutobonyeza kwa nguvu.

Kisha akafuta. Akaandika DAMARI, na namba yake mwenyewe ya simu.

"Baba!" aliita. "Shusha ndoo."

Walizipima zote, moja baada ya nyingine, foleni iwepo isiwepo. Damari alichovya, Yunisi akaandika kipimo juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito, na chini ya kipimo akachora alama. Kigoda, kigoda, kigoda. Za Kristina zina alama ya uma. Edward hakuleta kitu safari hii. Zote zilikuwa nzima. Ilichukua asubuhi yote, na mwenye guta mmoja nje alitukana, akanyamaza alipoona nani anashusha.

"Mama," Yunisi alisema mwishoni, kwa sauti ya chini, "umejiandika wewe mwenyewe. Ndoo moja ikiharibika hata kwa bahati mbaya, utakayezuiwa ni wewe. Na wewe ukizuiwa, ghala zima limezuiwa."

"Najua."

Mzee Hezekia alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mimi nilipowabebea wenzangu sikujua kama naweza kufungiwa kwa ajili yao," alisema. "Wewe unajua. Usifanye, mwanangu. Nitakaa misimu miwili, nitakula asali yangu."

"Baba, wewe siku ile hukumuuliza Edward kama ndoo zake zitakuponza. Ulizipakia tu."

"Ni jirani yangu."

"Basi."

Akabonyeza. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, boksi jeusi likivuma juu ya meza. Damari alikuwa na uwezo wa kurudi nyuma wakati wote huo, na alilijua hilo. Kisha kioo kikamletea swali moja la mwisho, ambalo alikuwa amewabonyezea wengine mara nyingi bila kulisoma. "Je, wewe ndiye mwenye mzigo huu?" Chini yake vitufe viwili. Ndiyo. Hapana.

Miaka tisa ndani ya ghala lile hakuwahi kuandika uongo kwa kusudi kuhusu ndoo ya mtu. Kidole chake kilikaa hewani muda mrefu kiasi kwamba Yunisi aligeuza uso.

Akabonyeza Ndiyo.

"Asante, Damari!" mashine ikaandika, kwa kijani. "Taarifa zako ni za kweli."

"Wanasemaje?" mzee Hezekia aliuliza kutoka mlangoni.

Damari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge ingawa haikuwa chafu.

"Wananishukuru," alisema, "kwa kusema kweli."